Wateja wa Siwema Wako Wapi?

Kijiwe chetu kilikuwa kwenye baraza ya duka la vitenge, kwenye kichochoro kinachotokea mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Wiki mbili zilizopita Siwema akafungua mgahawa upande wa pili wa njia, akatuhamisha. Alitufuata mwenyewe: "Wazee wangu, njooni mkae mbele ya kwangu. Watu wakiona watu, watakuja." Akatufungia turubai la bluu tusichomwe na jua, akapanga viti vyeupe vya plastiki, akaweka jiko la mkaa pembeni na birika la kahawa juu yake. Kahawa ya bure! Tulihama siku hiyohiyo, hata mwenye vitenge hatukumuaga. Tuko wanne. Mzee Abbasi tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu aliwahi kugombea uenyekiti wa mtaa na mpaka leo hataki kutaja kura alizopata. Filbert, fundi feni kutoka Songea, ni Injinia. Mudi ni Taarifa, maana habari anayo kabla jambo lenyewe halijatokea. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Sindano, na kazi yangu pale ni kusikiliza na kukasirika.

Ijumaa hii tulikuwa tumetoka kuswali, tumekaa na kanzu zetu. Injinia ni Mkatoliki, yeye alivaa shati lake jeusi lisiloonyesha grisi. Mwenyekiti alikuwa na jino, siku ya tano sasa, kashika shavu na machozi yanamlengalenga. Pembeni yetu, kwenye mkeka, Anifa, binti anayemsaidia Siwema jikoni, na shangazi yake walikuwa wanachambua mchele. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo Kariakoo nzima inatafuna. Ndani ya mgahawa kulikuwa na meza nane, feni mbili alizofunga Injinia, na hakuna mtu.

Siwema akatoka na vikombe.

Siwema: Kunyweni, wazee wangu. Mnywe vizuri, maana ndiyo ya mwishomwisho.

Mwenyekiti: Ya mwisho kivipi?

Siwema: Nimeshaongea na mwenye nyumba. Leo nisipopata watu wa kujaza hata meza mbili, Jumatatu narudisha funguo. Narudi Feri kwenye samaki wangu.

Alisema huku anamimina, halafu akarudi ndani. Miaka kumi na moja Siwema kakaanga samaki pale Feri, moshi umemla macho, na kila siku alikuwa anasema ipo siku atakuwa na sehemu yenye mlango. Sasa mlango anao. Na jamaa mmoja anayeuza simu fremu ya jirani, anayekitamani chumba, ameshapita mara mbili na futi kamba, anapima ukuta wa watu. Iliniuma, nasema kweli.

Mimi: Jamani, huyu dada anaondoka hivihivi tunaona?

Injinia: Mimi nilimwambia tangu mwanzo. Tatizo ni huo mlango wa vioo. Mtu wa Kariakoo anataka aone sufuria kabla hajaona mlango. Sasa anafika pale anajiona mwenyewe kwenye kioo, jasho linamtoka, ana furushi begani, anasema aah, hapa siyo pa kwangu. Anapita.

Mudi: Kaka, wewe kila kitu kwako ni spea. Mlango! Ishu ni sahani. Mmeziona sahani zake? Za pembe nne.

Mwenyekiti: Pembe nne ndiyo nini?

Mudi: Wali unajificha kwenye pembe, mzee. Mtu anakula weee, anamaliza, anainuka hajashiba, kumbe robo ya wali imebaki kwenye kona. Watu wameshaambiana.

Mimi: Nani kamwambia nani, wakati hakuna aliyeingia?

Mudi: Hapo ndipo ujue habari inavyosambaa.

Bodaboda mmoja alikuwa anakuja kwa fujo, honi juu. Kufika karibu yetu akazima pikipiki, akashuka, akaisukuma kimyakimya mpaka alipotupita. Akaiwasha kule mbele.

Injinia: Mnaona vijana wa siku hizi? Wanasema hawana adabu.

Mwenyekiti: Adabu gani, Injinia. Ananijua. Mtaa huu mzima unanijua.

Na kweli, tangu tuhamie chini ya turubai, mtaa ulikuwa unatuheshimu kuliko zamani. Muuza kanda mbili akifika pale anazima spika ya mkokoteni. Kwenye duka la vipodozi mbele yetu wamepunguza muziki, wakati tulipokuwa kwa mwenye vitenge walikuwa wanatupasua masikio. Juzi mtu mzima, mwenye suti yake, alimpa Mwenyekiti mkono kwa huzuni, na mkono ulipotoka, elfu tano ilikuwa imebaki kwenye kiganja cha Mwenyekiti.

Mwenyekiti: Huyo alinipigia kura, na bado inamuuma.

Mudi: Sasa tuachane na siasa. Nina taarifa. Mmewahi kuutafuta mgahawa huu kwenye ramani ya simu?

Injinia: Wa nini, wakati niko mbele yake?

Mudi: Mimi nimeutafuta. Uko Kigamboni.

Mimi: Nini kiko Kigamboni?

Mudi: Mgahawa wa Siwema! Kwenye simu unasoma Kigamboni, tena ndani ya maji kidogo. Sasa watu wanaona picha ya pilau, wanafuata ramani, wanafika Kivukoni, wanapanda pantoni. Mnavyoniona hapa, wateja wa Siwema wako ng'ambo, wanazunguka na njaa, wanauliza watu.

Mwenyekiti: Wote?

Mudi: Wote, mzee. Mia mbili, mia tatu.

Injinia: Hiyo fiksi, Mudi. Hata kamba ina mwisho wake.

Mudi: Basi tueleze wewe, maana mlango wako umeshindwa.

Nikawaambia waache mzaha, kuna mtu anapoteza ndoto yake. Mwenyekiti akainua mkono ule usioshika shavu. Tukajua sasa tumekwisha.

Mwenyekiti: Nyie watoto. Nyumba hii mimi naijua ikiwa ya udongo. Chumba hicho cha mbele hakijawahi kukaliwa na mtu akatulia. Kina mwenyewe.

Injinia: Mwenyewe yupi?

Mwenyekiti: Jini. Tena la kiungwana, halipendi kelele za vijiko.

Injinia: Jini gani, mzee wangu, linaloiweza kodi ya Kariakoo? Lingeshahamia nje ya mji, Chanika, zamani.

Tulicheka mpaka Anifa kule kwenye mkeka akaangusha ungo. Hata Mwenyekiti alicheka, halafu jino likamkumbusha, akainama, akakaza macho, machozi yakamtoka kabisa. Injinia akamshika bega. Mudi akampa leso.

Wakati huohuo dada mmoja wa ofisini, kitambulisho shingoni, alikuwa amefika hatua tatu kutoka mlangoni. Ndani nilimwona Siwema anainuka haraka, anachukua menyu, anajifuta mikono kwenye aproni. Yule dada akatuangalia sisi. Akamwangalia Mwenyekiti. Akavuta mtandio ukafunika nywele, akainamisha kichwa, akageuka na kurudi alikotoka, taratibu, viatu hata havikulia. Siwema akabaki amesimama nyuma ya kioo na menyu yake mkononi. Nikageuza uso. Sikutaka anione namwona.

Mimi: Mmeona? Kafika mpaka mlangoni!

Mudi: Kaona sahani.

Injinia: Kaona kioo.

Mwenyekiti: Kamwona mwenye chumba.

Mimi: Hivi nyie mnajisikia? Wiki mbili mnakunywa kahawa ya huyu dada, na kila siku mna sababu mpya. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyewahi kuwauliza watu wenyewe?

Mudi: Kuuliza ni kukosa taarifa, Sindano.

Hapo tukabishana karibu robo saa, ndipo alipofika mama mmoja. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, baibui safi, kitambulisho cha kazi kinaning'inia, na kanga kajitanda mpaka kwenye paji la uso. Hakututazama usoni. Akaanza kutupa mikono mmoja mmoja.

Mama: Asalaam aleykum. Poleni sana. Poleni, baba zangu.

Tukaitikia salamu, tukamshukuru. Alipofika kwa Mwenyekiti akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akaona yale macho.

Mama: Pole, mzee wangu. Jikaze. Ndiyo njia yetu sote.

Mwenyekiti: Ahsante, mama. Linauma mpaka kwenye sikio.

Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma, akawatazama Anifa na shangazi yake kwenye mkeka na ule mchele, akawapungia. Siwema akafungua mlango wa vioo, uso umefunguka, mkono umetangulia kumkaribisha.

Siwema: Karibu, mama! Karibu ndani, karibu sana.

Yule mama akamkumbatia. Akamkumbatia kwa nguvu, akampigapiga mgongoni, na Siwema, ambaye alikuwa anategemea kuulizwa bei ya pilau, akatutazama juu ya bega lake kama anayeomba msaada.

Mama: Pole, mwanangu. Mimi naitwa Swaumu, tuko ofisi ya hapo ghorofa ya tatu, watu kumi na wawili. Tangu umefungua tulikuwa tuje kula kwako, pilau linanukia mpaka juu. Lakini tukaona turubai, tukaona wazee wamekaa, tukasema hapana, mtu hawezi kwenda kuagiza soda kwenye majonzi ya watu. Tukakubaliana tusubiri mpaka arobaini ipite, ndiyo tuje.

Siwema: Arobaini?

Bi Swaumu: Leo mwenzetu mmoja kafika mpaka hapa mlangoni, karudi kasema mzee bado analia, siku zote hizi. Tukaona aibu, tunapita hapa kila siku hata mkono hatujatoa. Wakanituma mimi. Ila unisamehe, mwanangu, nimewauliza wa vipodozi, nimemwuliza wa vitenge, kila mtu amezima muziki na hakuna anayejua. Marehemu ni nani?

Nikawaangalia wenzangu, nikajiangalia na mimi. Wanaume wanne kwenye viti vyeupe vya plastiki, chini ya turubai. Kanzu. Vikombe vidogo vya kahawa chungu. Wanawake wanachambua mchele kwenye mkeka. Injinia na shati lake jeusi, mkono bado uko begani kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti ana leso. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitaka kucheka.

Siwema alituangalia muda mrefu zaidi. Nikaona anahesabu zile wiki mbili kichwani, siku kwa siku. Midomo ikaanza kumcheza, na mimi nikaogopa, sikujua kama ni kilio au kicheko.

Siwema: Mudi.

Mudi Taarifa akatazama ndani ya kikombe chake.

Siwema: Injinia. Sindano. Mwenyekiti wangu. Mgeni kauliza, mjibuni.

Siwema akavua aproni, akaenda kwenye nguzo ya kwanza, akaanza kufungua kamba za turubai, mabega yanamtikisika kwa kicheko na machozi yanamshuka. Mwenyekiti ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akabeba kiti chake, akasukuma ule mlango wa vioo kwa goti, akaingia, akakaa kwenye meza ya mbele kabisa inayoonekana barabarani, akaagiza pilau na jino lake vilevile. Tukamfuata, kila mtu na kiti chake. Bi Swaumu alibaki pale juani, kanga kichwani, bado anasubiri jina.