Kompyuta ya Abeli

ABELI: Haloo? Namba ngeni hii. Nani mwenzangu?

WINIFRIDA: Mwenzako! Dada yako wa tumbo moja ndiye amekuwa mwenzako?

ABELI: Dada Wini! Shikamoo.

WINIFRIDA: Marahaba. Simu ya jirani hii, ya Luciana, kwa hiyo tusirefushe maneno.

ABELI: Yako iko wapi?

WINIFRIDA: Ipo humu humu ndani, nitaiona. Abeli, kompyuta yako imezima tena.

ABELI: Yangu? Si nilikupa?

WINIFRIDA: Ikiwaka ni yangu. Ikizima ni yako, wewe uliyeiungaunga kwa vyuma vya mitumba.

ABELI: [anacheka] Haya, kesi nimeipokea. Imezimaje?

WINIFRIDA: Ghafla tu, kama mshumaa umepulizwa. Nilikuwa nachapa habari za ubatizo wa kwanza hapa parokiani, nikaenda jikoni kutazama maharage. Kurudi, kioo cheusi. Ukurasa mzima umekwenda na maji. Nimechoka, mdogo wangu. Mpaka mifupa imechoka.

ABELI: Si nilikwambia uwe unasevu kila—

WINIFRIDA: Nasevu! Nasevu kama mwehu! Padri anataka kitabu cha jubilei Jumamosi, na mimi nasevu na kuwasha, nasevu na kuwasha.

ABELI: Pole. Fundi ameiona?

WINIFRIDA: Nilimpelekea Oswaldi pale mjini. Akaifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha na ile dawa ya kupozea prosesa. Ikakaa mezani kwake kutwa nzima inawaka, haikuzima hata mara moja. Kuirudisha hapa tu, siku hiyo hiyo ikazima.

ABELI: Basi tatizo si mashine. Tatizo liko hapo nyumbani.

WINIFRIDA: Unasemaje?

ABELI: Umeme. Labda umeme wa hapo unashuka.

WINIFRIDA: Aa. Umeme. Labda.

ABELI: Taa zinafifia?

WINIFRIDA: Hazififii. Redio iko sawa, pasi iko sawa.

ABELI: Mh. Sasa imewaka?

WINIFRIDA: Nimeiwasha, inaunguruma na kutetemeka kama kawaida yake.

ABELI: Feni moja mbovu hiyo, haina neno. Tazama kona ya chini ya kioo, kuna kinamba nilikuwekea. Ndicho joto lake.

WINIFRIDA: Arobaini na sita.

ABELI: Safi kabisa. Ikifika tisini na kitu inajizima yenyewe isiungue.

WINIFRIDA: Tisini! Abeli, mwezi wa saba huu, Sumbawanga hii. Maji ya kunawa yanauma vidole. Joto la tisini litoke wapi?

ABELI: Ndiyo na mimi nashangaa. [mkwaruzo] Dada, unakata—

WINIFRIDA: Haloo? Haloo? Subiri nitoke uani. [mlango] Unanisikia sasa?

ABELI: Sasa nakusikia. Lakini dada, hivi kwa nini usirudi kule steshenari kwa muda? Kompyuta zao nzima, bosi alikupenda. Mshahara upo.

WINIFRIDA: Nikirudi kule, nani anabaki na mama?

ABELI: Mama si mtu mzima? Presha tu ile, anameza dawa. Kubaki nyumbani mchana kuna nini?

WINIFRIDA: Abeli, hii mashine ikifa, nitarudi steshenari. Na nikirudi steshenari... We itengeneze tu. Nakuomba.

ABELI: Mbona umekuwa hivyo? Haya, hebu nipe mama nimsalimie. Kila nikipiga amelala, kila nikipiga yuko bafuni.

WINIFRIDA: Alikuwa hapa anaota jua.

ABELI: Si umpe, basi.

WINIFRIDA: Ameingia ndani sasa hivi. Nilipotoka mimi, yeye akaingia.

ABELI: Haya. Rudi ndani unisomee tena kile kinamba, halafu unipe mama. [mlango, mkwaruzo] Dada?

WINIFRIDA: Yesu na Maria.

ABELI: Nini?

WINIFRIDA: Themanini na nane.

ABELI: Haiwezekani! Sasa hivi ilikuwa arobaini na sita. Umegusa nini?

WINIFRIDA: Ningegusa nini na mimi nilikuwa uani na wewe? Tisini. Abeli, tisini!

ABELI: Weka mkono pale nyuma. Upepo unatoka?

WINIFRIDA: Hautoki.

ABELI: Kuna kitu kimeziba.

WINIFRIDA: Hakuna kitu.

ABELI: Dada, kipo. Feni inaunguruma na upepo hautoki? Angalia juu yake—

WINIFRIDA: Nimesema hakuna! [nguo inavutwa] ...Ngoja. Inashuka. Themanini na mbili. Sabini na tano.

ABELI: Umetoa nini?

WINIFRIDA: Sijatoa—

ABELI: Nimesikia. Umetoa nini?

WINIFRIDA: Blanketi.

ABELI: Blanketi! Nani anafunika kompyuta na blanketi? Ndiyo maana kwa Oswaldi haizimi! Muda wote huu unanihangaisha, kumbe—

WINIFRIDA: Usinifokee, Abeli! Kila siku nalitoa. Nikigeuka tu limerudi. Nilidhani blanketi haliwezi kuzima mashine, kwa hiyo sikulisema. Na kukuambia sikutaka, maana ungeuliza nani kaliweka.

ABELI: Nani kaliweka?

WINIFRIDA: Unajua ni nani. Humu ndani tuko wawili.

ABELI: Mama? Kwa nini?

WINIFRIDA: Krismasi, ulipompigia kwa hii kompyuta akaona uso wako. Unakumbuka ulimwambia nini?

ABELI: Nilimsalimia. Nikamwambia... Makambako huku mvua haikatiki, baridi imenishika.

WINIFRIDA: Basi. Tangu siku ile, kwake yeye Abeli yuko humu ndani ya kompyuta. Akiisikia inatetemeka, anakwenda kuvua blanketi kitandani kwake. Usiku analala na kanga mwenyewe.

ABELI: Dada, unatania.

WINIFRIDA: Simu yangu kaificha, labda iko kwenye ulezi, labda kisimani. Juzi kaniita kwa jina la shangazi. Jana hakuniita jina lolote.

ABELI: [mkwaruzo] Kwa nini hukuniambia?

WINIFRIDA: Niliogopa. Ungesema nimpeleke kwa kaka kule Kasanga, na mke wa kaka unamjua. Na mwaka jana nilikuomba uje, ukaniambia kazi. Nikasema basi, nitaweza peke yangu. Siwezi, Abeli. Ndiyo hivyo, siwezi.

ABELI: Kazi kweli ilikuwa... Nipe mama.

WINIFRIDA: Atakuumiza roho.

ABELI: Nipe, dada.

WINIFRIDA: Mama. Mama, shika simu hii. Hapana, sikioni. Hivi.

MAMA: Nani huyo anapiga kelele?

ABELI: Shikamoo, mama. Ni mimi.

MAMA: Marahaba. Wewe nani?

ABELI: Abeli, mama. Mwanao.

MAMA: [anacheka kidogo] Muone huyu. Abeli yuko hapa, amelala. Ana baridi maskini, anatetemeka, sikiliza. [mngurumo wa feni] Umesikia? Na huyu mwanamke wa humu, kila nikimfunika mtoto, yeye anamfunua.

ABELI: Mama—

MAMA: Sema polepole, baba. Utamwamsha.

ABELI: Sawa, mama.

MAMA: Polepole.

ABELI: Sawa, mama.

MAMA: Haya. Wasalimie kwenu.

WINIFRIDA: [mkwaruzo] Haloo? Abeli? Umekata?

ABELI: Nipo. Kesho asubuhi napanda basi la Tunduma, naunganisha.

WINIFRIDA: Sikusikii.

ABELI: Kesho nakuja. Na kazi wataamua wenyewe.

WINIFRIDA: Sema kwa nguvu, mbona unanong'ona?

ABELI: Si nimeambiwa mtoto amelala.

WINIFRIDA: Haya. Haya, mdogo wangu. Njoo na blanketi lako, hapa hakuna la ziada. Luciana huyo anakuja kudai simu, na vocha yenyewe ina—

[simu inakatika]