Maji ya Mama Mgeni Yageuka Wino

Njia panda ya Mbegani, pale basi la bara linaposhusha watu, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, na mbele yake jiko la mkaa la Mzee Mbaruku na dele lake la kahawa. Ubao ule ulikuwa na wenyewe. Kushoto alikaa Bwanausi, aliyeitwa Gazeti, kwa kuwa habari zilikuwa hazimpiti, na zisipokuwapo alizitunga. Kulia alikaa Majaliwa, aliyeitwa Nahodha, ingawa safari yake moja ya bahari, ya kwenda Unguja, aliimaliza kifudifudi akitapika. Asubuhi ya Alhamisi moja, mwaka wa hamsini na tatu, alikuja Mwanahija na mtoto wake, Mgeni, mgongoni, mkononi ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa, akasimama pembeni kwa haya. Mzee Mbaruku hakuuliza kitu. Alinyanyuka kwenye kigoda chake mwenyewe, akakipangusa kwa pindo la kanzu, akamsogezea kivulini. Mwanahija akakaa, na kwa kitendo kile tu machozi yakamlenga.

Mumewe, Husseni, alikuwa dereva wa wapima ardhi. Katika miaka miwili ya ndoa yao, siku walizokaa pamoja zilihesabika. Ndipo mwaka huu wakubwa wakampa Husseni ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na lori, alale humo na kulinda vyombo vya kupimia. Naye akamwita mkewe. Chumba kidogo cha bati, kitanda, jiko, na chini ya sakafu tangi la maji lenye bomba lake. Mwanahija alikiona kama jumba la Sultani. Ubaya ulikuwa maji. Kisima walichochimba wapima kilitoa maji meupe yanayonuka kama mayai viza, na yakikaa kidogo yanageuka mekundu kama chai, yana ladha ya msumari. Nguo za mtoto zote zilikuwa rangi ya kutu. Habari zikafika Miono kwa mama mkwe, na salamu zikarudi: Alhamisi nakuja. Nikiyakuta maji hayo, namchukua mkwe wangu na mjukuu wangu mpaka kazi iishe. Kazi ilikuwa ya mwaka mzima, na leo ndiyo Alhamisi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama Mgeni, alijibu Gazeti. Hawajambo huko kwenye nyumba inayotembea?

— Hawajambo, baba. Ila maji.

— Bado yananuka? Si nilikwambia ufukize ubani?

— Nilifukiza. Chetezo kizima, mdomoni mwa tangi, mpaka jirani wakauliza nani anaolewa.

— Ikawaje?

— Mayai viza yamekwenda harusini, baba.

Mzee Mbaruku alicheka hata akaliweka dele chini.

— Mnacheka! alisema Gazeti. Mtungi wa mama yangu ulifukizwa ubani maisha yake yote, na maji yake ukiyanywa unasahau ulichokuwa unadai!

— Mtungi wa mama yako haukuwa bati, alidakia Nahodha. Ubani ni dawa ya kuremba. Mimi nilimpa dawa ya kazi. Mama Mgeni, ulitia magome ya mkoko?

— Nilitia, baba.

— Umeona! Nyavu tunazichemsha kwa magome hayo ili zisioze. Na kisichooza kitanukaje? Haya, funua, Gazeti aone aibu.

Mwanahija akafunua ndoo. Wote wakainama. Maji yalikuwa meusi. Si meusi ya matope. Meusi ya kuandikia barua.

— Toba yarabi, alisema Mzee Mbaruku.

— Nahodha, alisema Gazeti polepole, umempikia mtoto wino.

— Sikumpa mtoto, alisema Mwanahija haraka. Nilifulia tu.

Akatoa kifuani kanzu ndogo aliyoishona kwa mkono wake, ya bafta nyeupe, ili bibi akifika amkute mjukuu wake amependeza. Sasa ilikuwa na rangi ya wingu la masika.

Nahodha alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna neno limeandikwa humo.

— Nisamehe, mwanangu.

— Nikusamehe nini, baba? Uliyabandua magome yale mwenyewe ndani ya matope, ukanifikishia mpaka mlangoni. Mguu wako bado una kovu la chaza.

Nahodha akaurudisha mguu chini ya ubao, usionekane.

— Kosa si la magome, alisema Gazeti, kwa kuwa hakupenda rafiki yake akae na aibu muda mrefu. Kosa liko chini. Kisima kile kimechimbwa juu ya chuma. Mdachi alipokimbia vita alizika mzinga pale.

— Mzinga mmoja? Nahodha alipata nguvu. Mzinga mmoja hauwezi kutia kutu kisima kizima. Ile ni meli.

— Meli! Na pwani iko kule?

— Waliiburuta. Walitia magogo chini yake, wakaiburuta, wakaifukia.

— Na harufu? aliuliza Mzee Mbaruku. Meli inataga?

— Ilikuwa na shehena ya mayai. Askari wale walikula mayai asubuhi na jioni, muulize mtu yeyote.

— Hapana, bwana wee, alisema Gazeti. Ukisikiliza vizuri, ile ni reli. Reli ya chini kwa chini, kutoka hapa mpaka Tanga. Treni iliingia, na nakuapia haikutokea upande wa pili.

— Ilikwama wapi?

— Chini ya tangi la mama Mgeni!

Hapo mtoto alijinyoosha mgongoni, akaguna. Gazeti akashusha sauti bila ya kuambiwa, na Nahodha vilevile, wakaendelea kugombana kwa kunong'ona, wamekunjiana ngumi.

— Treni haifiki huko, alinong'ona Nahodha. Ni majini wahunzi. Wanafua mapanga. Kutu inapanda na maji, na ile harufu ni moshi wa mvukuto wao.

— Na kwa nini wafulie pale?

— Wakafulie wapi, na mjini wapangaji wamejaa?

Mwanahija alitaka kucheka na alitaka kulia. Watu wazima hawa, ambao hawakuwa ndugu zake, walikuwa wakinong'ona ili mwanawe asiamke. Huko Miono atawapata wapi? Na Husseni jioni atarudi kwenye chumba kile cha bati, ale peke yake.

Basi likaja, likasimama kwa kishindo. Akashuka Bi Ashatu, mama mkwe, mwembamba, buibui limejaa vumbi, kapu la mihogo kichwani. Mwanahija aliinuka akampokea kapu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo? Na nyie, wazee, habari za hapa?

— Njema, dada, karibu, karibu, walijibu wote, wakisogea kama watoto wa chuoni walioona mwalimu.

Bi Ashatu aliiona ndoo. Akainama, akanusa, akachovya kidole, akakifuta kwenye jani.

— Ndiyo maji yenyewe?

— Ndiyo, mama.

— Niliambiwa mekundu.

— Yalikuwa mekundu, dada yangu, alisema Nahodha. Huo weusi ni dawa.

Ikabidi aelezwe. Akaelezwa ubani, akaelezwa magome, kisha mzinga, meli na mayai yake, treni ya Tanga, na majini wahunzi. Alisikiliza yote, hakucheka wala hakukunja uso.

— Nimesikia, alisema. Sasa kuna aliyeyateka kisimani, akayaacha katika chombo wazi mpaka kesho yake, bila ya kutia kitu?

Gazeti alimtazama Nahodha. Nahodha alimtazama Mzee Mbaruku. Mzee Mbaruku alichochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

— Kisima cha baba yangu kilikuwa hivihivi, alisema Bi Ashatu. Maji ya chuma ukiyatia magome yanakuwa wino. Yanataka hewa. Unayamimina kutoka chombo hiki kwenda kile, mara nyingi, harufu inakwenda zake. Unayaacha wazi, wekundu unazama chini. Kesho yake unachota ya juu kwa kata, unayapitisha kwenye mchanga uliooshwa. Hayo ndiyo yaingie tangini, na tangi lisuguliwe kwanza.

— Basi? aliuliza Gazeti, kama mtu aliyeibiwa treni yake.

— Basi.

Mwanahija alikusanya moyo wake wote.

— Mama, mimi napenda kukaa na mume wangu.

Alisema kwa sauti ndogo hata akadhani hakusikika. Bi Ashatu alimgeukia, akamfungua kanga mgongoni, akamtwaa mtoto.

— Nilikuja kukuchukua kwa sababu nilidhani uko peke yako, alisema. Nitalala siku tatu nikufundishe kuyatuliza maji. Kisha nitarudi kwangu, na wewe ubaki kwako. Lakini mtoto huyu ananuka chuma. Leo ataoga nini?

Maji matamu yalikuwa mjini, mwendo wa saa nzima. Mzee Mbaruku akainuka. Akalifunua debe lake, maji aliyoyabeba alfajiri kwa kahawa ya siku nzima, akalisukuma mbele ya Bi Ashatu.

— Wazee, kahawa imekwisha, alitangaza.

— Imekwisha? Gazeti alishangaa. Na jua hata halijapanda...

Akaishia hapo. Glasi ya maji ya kusukutulia aliyokuwa ameishika, ambayo hakuwa ameigusa, aliimimina debeni taratibu, lisipotee tone.

Nahodha alijitwika debe, akatangulia, akitembea kwa kunyata asimwage. Gazeti akaumwaga wino, akabeba ndoo na kapu la mihogo. Bi Ashatu akafuata na mjukuu begani, akimwimbia. Mwanahija akaja nyuma yao, hana debe, hana ndoo, hana mtoto. Tangu ajifungue haikupata kumtokea, na njia nzima hakujua mikono yake aiweke wapi.