Fundi Duni Kheir na Magongo ya Mpera

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, Fundi Duni Kheir alistaafu rasmi baada ya kuitumikia karakana yetu ya ukarabati wa majumba ya Mji Mkongwe kwa miaka thelathini na minane. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa uchangamfu, kama ilivyo ada ya ukurasa huu. Nitajitahidi. Pale nitakaposhindwa, wasomaji mniwie radhi.

Fundi Duni ni mzaliwa wa Tumbatu. Alivuka kuja Mkokotoni akiwa kijana, na kutoka hapo akaja mjini kutafuta kibarua cha kubeba boriti. Hakubeba kwa muda mrefu. Fundi mkuu wa wakati ule alimkuta ameketi kivulini na kishoka cha mtu mkononi, anaugonga mpini kwa ukucha na kuusikiliza. Alipoulizwa anasikiliza nini, alisema mpini ule umekufa kwa ndani. Wenzake walimcheka, na wiki ile ile mpini ukavunjika. Tangu hapo hakubeba boriti tena, kazi yake ikawa mipini.

Kwa wenzetu wa ofisini ambao hawajawahi kushuka karakanani, vishoka vyetu ni vile vidogo vya mkono mmoja, vya kuchongea boriti kabla hazijapandishwa darini. Kichwa cha kishoka hakifungwi kwa kabari wala msumari. Mpini unachomekwa kutoka juu, unateremka tunduni mpaka unene wake wa juu unakaba, na kila fundi anapopiga, kichwa kinazidi kujikaza. Kusema ni rahisi. Mpini uliochongwa vibaya hurusha chuma, na chuma kikiruka hakichagui wa kumpiga.

Mti wake ulikuwa mpera, na si kila mpera. Aliuchagua ungali umesimama, ulionyooka na usio na vifundo. Gongo alilipasua, hakulikata kwa msumeno, kwa sababu msumeno haujali nyuzi za mti zinaelekea wapi. Kisha alilipandisha darini likauke polepole kivulini, msimu baada ya msimu. Ukimwomba mpini wa haraka alikwambia haraka haraka haina baraka, akakupa kisogo. Likishakauka alikuita wewe mwenyewe, akakupachika gongo kwapani na kukutaka ukunje vidole kwenye ncha yake. Kama vidole havikufika, gongo hilo si lako, hata ukiwa mkuu wa karakana. Hakumtilia mpini mtu asiyekuwepo. Ndani ya tundu alipaka masizi ya chungu, akachomeka, akachomoa, akaparuza kila palipogusa weusi, na akarudia hivyo hadi weusi ukaenea sawasawa. Hapo ndipo alipokukabidhi kishoka chako, na bila ya hotuba.

Wapenda njia za mkato hawakukosekana. Mundhir, fundi wa ngazi, alichoka kusubiri zamu yake akajichongea mpini wa mti mbichi, ukalegea, akaulaza kwenye ndoo ya maji ili uvimbe. Asubuhi ulikaza kweli. Mchana jua lilipowaka, kichwa kilichomoka, kikapita dirishani na kutua ndani ya sufuria ya urojo ya Bi Salhiya aliyekuwa akiuza nje. Hakuumia mtu, ila urojo uliwarukia wateja wote. Mpaka leo Mundhir huitwa Bwana Urojo, na Fundi Duni alimtilia mpini mzuri kuliko wote, nadhani kwa kumhurumia.

Miaka miwili iliyopita Fundi Duni aliambiwa hospitali kwamba ana presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi. Hakututangazia. Mimi niko stoo, alikuwa akinijia kila siku, kwa hiyo niliona anavyoanza kuzitafuta nyuzi za mti kwa kidole gumba. Aliniambia jambo moja tu linamkosesha usingizi, kwamba ataondoka na kazi itaondoka naye.

Ndipo akaenda Mkokotoni, kwenye shamba la nduguze, akachagua mipera kwa macho aliyobakiwa nayo. Alipasua magongo ya kutosha kuendesha karakana mpaka mengine mapya yawe tayari, akayapandisha darini moja moja. Ulfat, fundi wetu wa milango, alikubali kurithi kazi. Ni mtu mwenye subira, na Fundi Duni alimpenda kwa kuwa haulizi jambo mara mbili. Naye Bwana Himid, mkuu wetu, alikuwa ameshapewa shauri la kuagiza vishoka vya kiwandani vyenye mipini ya mpira. Alikubali kusubiri kwa sharti moja, kwamba Ulfat aanze na magongo makavu siku Fundi Duni anapoondoka, kwa sababu kazi za majumba haziwezi kusimama. Lilikuwa sharti la haki, na Fundi Duni alilikubali kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

Wiki ya mwisho alikuwa Mkokotoni kwa likizo aliyobakisha. Wiki hiyo hiyo waashi walikuja kuziba paa linalovuja. Walivishusha vitu vyote vya darini na kuviegesha ukuta wa nyuma, wapate nafasi. Kila anayefanya kazi hapa anajua desturi yetu, kwamba kilichoegeshwa ukuta wa nyuma ni mabaki, na mabaki ni kuni za anayepika. Waashi hawakuijua desturi hiyo. Kurwa, mlinzi wetu na mpishi wa shughuli zetu zote, hakujua kwamba vile vimetoka darini.

Pilau la kumuaga Fundi Duni lilipikwa Ijumaa asubuhi. Baada ya sala tulikaa, tukala, tukalisifu, tukamtania Kurwa kwamba leo hata moshi haukututoa machozi. Kisha ikafika sehemu niliyoingoja kwenye ratiba, Fundi Duni kumpimia Ulfat gongo la kwanza mbele yetu sote. Ulfat alikwenda kulichukua. Alikawia, na aliporudi alikuwa ameshika kipande kilichoungua nusu, amekikumbatia kifuani na baibui lake limejaa masizi.

"Baba Duni," alisema, "yote yashapikiwa."

Kurwa alielewa kabla yetu. Aliuacha mwiko, akaja kupiga magoti mbele ya yule mzee. Fundi Duni alikipokea kile kipande, akakipitishia kidole gumba kutoka upande mzima mpaka kwenye makaa, akakinusa. Sote tuliinamia sahani zetu. Kisha akamshika Kurwa begani.

"Inuka, mwanangu. Mpera ukikauka vile, kuni nzuri. Nipakulie kidogo tena."

Kurwa hakuweza. Ulfat ndiye aliyempakulia, na Fundi Duni alikula mpaka akamaliza, kwa ajili ya Kurwa, huku machozi yakimtoka bila ya kuyafuta. Sijui kama nitapika tena pilau nyumbani kwangu.

Jumatatu Bwana Himid aliidhinisha vishoka vya kiwandani. Simlaumu, alikaa na karatasi ya kuviagiza mbele yake asubuhi nzima. Vimekuja vyote urefu mmoja, na Ulfat amerudi kwenye milango. Nilimpigia simu Fundi Duni nikamsihi akate magongo mengine, kwamba tutamwomba Bwana Himid asubiri.

"Hind, kukata ntakata," alisema. "Yakishakauka, nani atayachagua? Mi ntakuwa sioni, na Ulfat sijamfunza. Nilikuwa nimfunze kwa yale."

Vichwa vya vishoka vya zamani vimo stoo, makali yake mazima, na nimeagizwa viondoke na gari ya vyuma chakavu mwisho wa mwezi.

Fundi Duni, ahsante kwa kila mkono wa karakana hii ambao hukuuacha uumie. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, utulivu na wajukuu wa kukushika mkono, na maisha yako ya Mkokotoni yawe ya heri. Ulituachia kazi iliyokamilika, nasi hatukuweza kuihifadhi hata kwa wiki moja.

Hind Anuar, Mtunza Stoo