Zahanati ya Mabira Inazalisha Nini?

Asubuhi ile benchi la Ma Auleria, pale njia panda ya Mabira, lilikuwa na kesi nzito kuliko kahawa yake. Wakubwa walikuwa wanapima zahanati zote za wagonjwa wa nje, wale wa kutibiwa na kurudi kwao: kila moja ieleze inazalisha nini. Itakayokosa jibu, nesi wake anahamishwa. Afisa alikuwa njiani, na nesi Adventina alishaanza kufungasha vyombo. Benchi zima lilimtaka abaki. Mzee Melkiory tu, mwenyekiti wa chama cha kubeba wagonjwa kwa machela, ndiye aliyekuwa na moyo nusu nusu. Zamani mgonjwa akizidiwa aliitwa yeye, na yeye ndiye aliyeshika mti wa mbele kuteremka mlima mpaka barabarani. Siku hizi machela yao ya kusuka imeegemea ukuta wa Ma Auleria na kuku anataga humo. Ilimuuma, tusidanganyane.

— Mazao ni kilo, alianza Nolasco, mnunuzi wa kahawa waliyembatiza Mizani. Watoto wetu si wanapimwa uzito kila mwezi? Jumlisha kilo zote, toa za mwezi uliopita. Kilichozidi ndicho zahanati imezalisha.

— Na mke wangu aliyeambiwa apunguze mwili? aliuliza Anastazi, ambaye kwa kupenda habari aliitwa Redio.

— Huyo ni hasara ya taifa.

— Akikusikia utaipata wewe hiyo hasara! Ma Auleria alicheka huku akimimina.

— Siri iko kwenye damu, jamani, alisema Redio. Adventina anakutoboa kidole, kitone kimoja, eti anaangalia malaria. Kitone changu, kitone chako, Mabira nzima! Haba na haba hujaza kibaba. Hizo ni lita na malita. Zinauzwa nje.

— Nje wapi?

— Nje huko. Unadhani kwa nini tunaitwa wagonjwa wa nje?

Hata Melkiory alicheka, kahawa ikampalia.

— Inazalisha ndoa, alisema Ma Auleria. Vero na Eliud si walikutana pale kwenye foleni, huyu jino, yule tumbo? Leo wana mapacha. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Mapacha wana kilo ngapi? aliuliza Mizani.

— Wewe nawe! Ta Melkiory, mzee wetu, wewe unasemaje?

— Haizalishi kitu, alisema Melkiory. Mtu anaingia anakohoa, anatoka hakohoi. Kimeongezeka nini? Sisi tukibeba, kijiji kizima kinaona kazi. Mchagua jembe si mkulima.

— Jembe limeingiaje hapo?

— Limeingia.

Maneno yalipomtoka aliona haya. Hakutaka Adventina aende. Alitaka tu, mara moja moja, na yeye aitwe.

Bodaboda ikasimama. Akashuka afisa, binti aitwaye Ainembabazi, viatu tope tupu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

Hawakumngoja hata apulize kikombe. Kilo, damu, mapacha, vyote vilimwagwa kwa mpigo. Binti alisikiliza kwa adabu na hakuandika kitu. Macho yake yalikuwa ukutani.

— Na ile ni nini?

— Machela yetu ya kubebea wagonjwa, alijibu Melkiory, akikaa vizuri.

— Mara ya mwisho mlimbeba nani?

Swali dogo kabisa. Melkiory akafungua kinywa.

— Tulimbeba... Rogasian.

— Rogasian alikwenda zahanati kwa miguu yake, alisema Mizani. Kurudi akapitia pombe ya rubisi.

— Basi Xaveria, na ile mimba.

— Adventina si alimwona mapema? alisema Ma Auleria. Akamwambia akasubirie hospitali. Alipanda boda mzima, ananipungia mkono.

— Yule mtoto wa Evaresta, mwenye homa.

— Alipewa dawa. Kesho yake nimemfukuza juu ya mpera wangu, alisema Redio.

Hakuna aliyeongeza jina. Melkiory alipapasa bega lake la kulia, pale mti ulipozoea kukaa. Sugu ilikuwa imelainika bila yeye kujua. Akashangaa kuona haimuumi tena, si bega, si moyo.

— Sasa, mzee, niandike nani? aliuliza binti, kalamu mkononi.

— Andika, mwanangu, alisema Melkiory. Hapo penye mazao ya zahanati, andika kwamba tumesahau.