Watoto wa Kipyego Hawahesabiwi

Sogeeni karibu, wanangu, sauti imechoka ingawa ulimi bado unataka mchezo. Chepngetich, futa machozi. Mtu aliyezaliwa mwaka reli ilipofika Eldoret akilalamika kwamba anakufa mapema, atachekwa huko aendako. Nimeshiba maisha, na nina furaha.

Kibet, kifungua mimba wangu, nimesikia umewaambia wazee wa Kesses kwamba watoto wangu mimi Kipyego ni watatu, na shamba litagawanywa hivyo. Ukamwacha Lynette nje kwa sababu alizaliwa na jirani yetu Githinji, nami nikamchukua alipofiwa na wazazi wake, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Basi kabla sijalitaja shamba, sikieni habari ya Vita Kuu vya Pili.

Jeshi lilinipeleka Mombasa kupakia mabomu kwenye ndege kubwa zilizotua majini. Siku moja mlinzi wa dirishani, yule wa kuchungulia bahari, akashikwa na malaria, wakatafuta mtu mwenye macho makali, na mwenye macho haambiwi tazama: nikapanda. Nilitapika uji wote kwenye kofia yangu, kisha nikaipenda ile kazi kupita kiasi. Tuliwinda manowari za adui zilizopita chini ya maji, na katika kuwinda nikaona mashua ya mabaharia ambao meli yao ilizamishwa, wanatupungia mashati. Rubani akauliza wako wangapi. Sasa ninyi mnajua, kwetu mtu aliye hai hahesabiwi, ukimhesabu unamwitia kifo. Nikajibu, "Afande, wanatosha kujaza nyumba nzima." Akauliza tena, nikajibu vilevile. Alinitukana, halafu kwa redio akaita meli kubwa, akidhani ni umati. Ile meli ikiwa njiani ikakuta mashua nyingine ambayo hata macho yangu hayakuiona, na wote wakapata nafasi. Rubani alipopata habari alicheka mpaka ndege ikayumba, na mimi sijaona tena sababu ya kuhesabu watu.

Kwa hivyo, Kibet, nani alikutuma uhesabu? Kuzaa si kazi, kazi kulea, na huyu Lynette ndiye aliyenilea mimi nilipoanza kuangukaanguka. Shamba la Kesses gawaneni nyote sawasawa, na upande wa mto uwe wake, maana ninyi wengine jembe mnaliona kwa jirani. Nyumba hii ya mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, ni ya mwanangu Dennis. Mnizike Kesses, na hotuba ziwe fupi, watu wale chakula kikiwa moto.

Pumzi inakatika... Leteni kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. Lynette, kunywa kwanza, mama. Mpe kaka yako. Kibet, pokea mkononi mwake, usiangalie chini. Mungu awape mvua kwa wakati wake, ng'ombe wenu wazae, na mlango wenu usikose mgeni... Kibet, mwite dada, nisikie.

Tena, mwanangu... masikio yangu yamekwenda mbali.

Ndiyo. Sasa nimesikia.