Pua Iliyolinda Bwawa

Waombolezaji wote, simameni kidogo kwa heshima ya kiungo kimoja: pua. Aliyelala mbele yenu alikuwa na yake, na kwa miaka kumi na miwili ilikuwa ndiyo maabara pekee ya bwawa la kuogelea la kiwanda cha sabuni. Dada yake mkubwa ameandika haya.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda hicho. Kabla hajajua kuhesabu, alijua kwa harufu ya upepo sabuni gani inapikwa. Shuleni, mwalimu wa zamu alimpitisha mstarini anuse aliyevuta sigara. Alinusa mstari mzima, akarudi, akamnyooshea kidole mwalimu mwenyewe. Tangu siku hiyo akaitwa Pua.

Mwaka 1994 alianza kuosha matangi, na mwaka 2005 akakabidhiwa bwawa. Vipimo vya kupimia dawa ya maji viliisha mwaka 2011. Meneja hakununua vingine, akisema pua haiishi. Kila asubuhi Pua aliteka maji kiganjani, akayavuta puani, akatema, akatamka: "Dawa imepungua." Hakukosea.

Mkewe, fundi cherehani, alimpata mwaka 1998 alipopeleka suruali.

"Kaka, mbona unaninusanusa?"

"Una homa, dada. Nenda kapime."

Akapima. Ilikuwa malaria. Wakaoana mwezi wa kumi.

Januari hii ya 2023 pampu iliharibika. Maji yakatuama siku ishirini na tatu juani, bila dawa, yakawa na uvuguvugu wa chai iliyosahaulika. Ijumaa tarehe 3 Februari, Pua aliyavuta puani kama kawaida, akasema, "Dawa hamna kabisa," akafunga geti kwa mnyororo. Jumatano tarehe 8 kichwa kilimpasuka kwa maumivu, shingo ikakakamaa. Mkewe akaita kutoka uani, "Mume wangu, sufuria inaungua, husikii harufu?" Pua alikuwa amekaa kando ya sufuria hiyo. Hakusikia harufu.

Daktari alisema ni amiba, kadudu kasikoonekana kwa macho, kanakopenda maji yasiyo ya chumvi, yaliyotuama, yenye joto. Mtu akiyanywa, hakafiki ubongoni. Yakipanda puani, kanafuata mshipa wa kunusia hadi ubongoni.

"Puani?" dada akauliza. "Daktari, umesema puani?" Aliuliza mara tatu. Hata leo hajamaliza kuuliza.

Alifariki Jumatatu tarehe 13, saa nne asubuhi. Siku tano tu tangu kichwa kianze kuuma.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada mmoja, na mnyororo getini. Siku ya watoto wa wafanyakazi kuogelea, iliyokuwa Jumamosi tarehe 11, imesogezwa hadi Jumamosi ijayo, haijafutwa. Ufunguo anao dada, na hautoki mkobani mwake hadi maji yamwagwe, bwawa lisuguliwe, pampu itengenezwe na maji yatiwe dawa. Meneja, yupo safu ya pili, amesikia.

Alale salama kaka yetu, na pua yake ipumzike; imefanya kazi ya watu watatu.

Alhamisi ile ya tarehe 9, akiwa amelazwa na bado anatutambua, meneja alifika wodini na ratiba mkononi, akavua kofia. "Mzee Pua, mlinzi wa watoto wetu, kiwanda kizima kinasubiri neno lako. Tufungue Jumamosi?"

Pua aliichukua ratiba, akainusa.

"Sisikii harufu yoyote," alisema. "Kanunueni vipimo."