Aliyegonga Chini ya Sakafu Yetu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mlioko huko nyuma karibu na mlango, Bwana asifiwe tena! Wazee wangu, shikamooni. Wengi hapa Ringwani mnanijua, Mama Bhoke wa kwaya, mke wa Marwa. Leo nimesimama kuwaambia kwa nini Marwa yuko hai.

Wakati ule dhahabu ilipowachanganya watu, tulifunga nyumba yetu hapa tukahamia Nyangoto, kwenye machimbo. Marwa alikuwa mkulima mzuri, lakini kila kijana aliyetoka huko alirudi na pikipiki, na macho hayana pazia. Tukajenga vyumba viwili vya matope, sakafu ya udongo. Marwa akaingia duarani na mdogo wake, Chacha.

Duara ni shimo refu la kwenda chini. Wakishafika huko wanaufuata mwamba wenye dhahabu popote unapoelekea, na sisi wa juu hatujui wamefika wapi. Wewe unasonga ugali, kumbe chini ya mafiga yako kuna mtu amepiga magoti na nyundo! Maji kwenye ndoo yalikuwa yanatetemeka yenyewe. Mimi nilizoea. Binti yetu Bhoke, ambaye alikuwa hajaanza shule, hakuzoea. Alikuwa analaza sikio sakafuni.

"Mama, chini kuna watu."

Namwambia inuka, utachafuka.

Kila asubuhi kabla Marwa hajaondoka tulishikana mikono sote watatu tukaomba. Hata asubuhi ile tulishikana.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma nikasikia yowe kutoka upande wa pili wa kilima. Duara limeporomoka! Chacha alikuwa amepanda juu kuchukua maji ya kunywa. Marwa alibaki ndani. Wanaume walichimba mpaka viganja vikachubuka, lakini kila walipotoa udongo, mwingine ulimwagika. Siku zikapita. Mwisho wakaweka majembe chini, wakavua kofia. Wachimbaji wote wa kilima kile wakasimamisha kazi kwa heshima ya marehemu. Neno hilo, marehemu, nililisikia nikageuka kutafuta wanamsema nani.

Msiba ukawa kwangu. Wifi yangu Rhobi, dada mkubwa wa Marwa, akaja kutoka Sirari anakouza nguo. Wanawake wakajaa kwenye mikeka, wanaimba. Mchana mmoja, jua la utosi, katikati ya wimbo, Bhoke akapita katikati yao kama anatafuta kitu kilichodondoka. Akainua kona ya mkeka, akalala kifudifudi, sikio chini.

"Tata anagonga," akasema. Tata ni baba, kwa Kikurya chetu.

Wimbo ukakatika. Na katika kimya kile, ndugu zangu, tulisikia sote. Ko. Ko. Ko. Chini ya sakafu! Polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hana hakika nayo.

Wanawake walitoka mbio, wengine wakaacha viatu. Maana siku ile hakuna aliyekuwa anachimba! Rhobi akamnyakua mtoto.

"Huyo si Marwa! Marwa ameshakufa! Aliyekufa akimwita mtoto, anaondoka naye. Leo leo huyu anavuka mpaka kwenda Isebania, akakae kwa shangazi yake mdogo!"

Wapendwa wenzetu wa kanisani walisimama uani wakakemea pepo kwa sauti kubwa. Na mimi nilikemea pamoja nao. Tulikemea mpaka jasho likatutoka, lakini mlio ule haukukimbia wala haukuongezeka. Uliendelea vilevile, bila haraka. Hapo ndipo hofu nyingine ikaniingia, mbaya kuliko ile ya kwanza. Itakuwaje kama si pepo?

Nikarudi ndani peke yangu, nikapiga magoti. Nikasema, "Bwana, mtoto huyu ulinipa wewe. Kama anadanganywa, ziba sikio lake. Kama anasikia kweli, zibua la kwangu." Kisha nikalala kama alivyolala yeye, shavu kwenye udongo. Udongo ulikuwa wa baridi sana. Mlio ukakoma. Na kutoka huko chini ikapanda sauti nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Bhoke... Bhoke..."

"Usiitike!" Rhobi alikuwa mlangoni, analia. "Mama Bhoke, nakuomba, usiitike!"

Ndugu zangu, nyumbani kwetu tulikatazwa tangu utoto kuitikia sauti ya mtu usiyemwona. Bhoke akajichomoa mikononi mwa shangazi yake, akaja akachuchumaa kando yangu, akanishika kidole.

"Mama," akasema, "tata amechoka."

Wakubwa wote tulisikia mzimu. Mtoto alisikia mtu aliyechoka!

Nikaitika. "Abee! Marwa! Kwa jina la Yesu, kama u hai, sema!"

Nikabana sikio tena kwenye udongo. Halafu:

"Maji."

Chacha, aliyekuwa amesimama nyuma ya Rhobi mlangoni, alikuwa amesikia. Hakuuliza kitu, alikamata sururu akapiga sakafu ya chumba changu! Wanaume wakarudi, wakachimba kwa zamu na kwa uangalifu, mpaka chini pakafunguka tundu jeusi, na hewa nzito yenye harufu ya udongo mbichi ikatupuliza usoni. Mwamba ulikuwa umewaleta mpaka chini ya kitanda chetu. Njia ilipozibika, Marwa alikuwa mbele, upande wa kwetu, na kaufa kadogo kwenye mwamba kalikuwa kanampa pumzi. Wakamteremsha Chacha kwa kamba. Wakamtoa ndugu yake akiwa hai! Haleluya! Waombolezaji walewale ndio waliomchemshia uji.

Lakini Chacha alipopanda aliwaepuka watu, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Baadaye sana aliniambia. Alimkuta kaka yake amelala kifudifudi, mikono yote miwili imefukiwa mpaka mabegani. Ilibidi aifukue ndipo amfunge kamba.

Marwa alipopata nguvu hospitalini, nilimuuliza, "Ulikuwa unagonga na nini?"

Akajiinua kidogo kitandani.

"Mimi sikugonga. Nilidhani ni ninyi mnagonga huko juu. Kila nilipotaka kulala moja kwa moja, nilisikia mnagonga. Ndiyo maana nikamwita Bhoke."

Ndugu zangu, sina maelezo. Wapo walioniambia ni mawe yalikuwa yanajipanga. Sibishani nao. Mimi nimeshamshukuru aliyegonga, na jina lake nalijua. Tuliliacha duara, tukarudi kwenye jembe hapa Ringwani, na Bhoke yuko pale, mnamwona, amekaa karibu na baba yake.

Wewe mzazi, mtoto wako akikuambia jambo usilolielewa, usimwambie inuka utachafuka. Omba, kisha inama mpaka sikio lako lifike lilipo la kwake. Na wewe unayegongewa moyoni siku nyingi, ukaogopa kuitika kwa sababu humwoni anayegonga, nakuambia kwa upendo: itika. Mimi niliitika natetemeka, meno yanagongana. Njoo mbele hivyohivyo unavyotetemeka.